Hiyo Ngozi Inauzwa Bei Gani?

Mwaka wa tatu ukifika, mwanachuo wa sayansi anaulizwa swali moja kuanzia foleni ya kafeteria mpaka hosteli: mradi wako unahusu nini? Mimi nikijibu kwamba nasoma jinsi maabara zinavyotengeneza ngozi kwa ajili ya watoto walioungua moto, napata majibu ya aina mbili. Wa kwanza anashangaa: "Kumbe ngozi inaoteshwa?" Wa pili, na hawa ndio wengi, anacheka kidogo na kuniambia hiyo ni anasa ya Wazungu, sisi tuanze kwanza na panadol.

Makala hii nimewaandikia wote wawili. Anayeshangaa nitamweleza ngozi inaoteshwaje. Anayecheka nitamwambia ana hoja, ila hoja yake imeishia njiani.

Nimekulia Lugarawa, wilaya ya Ludewa, mkoa wa Njombe. Kwa wasiopajua: unashuka Makambako, mji wa upepo, unaelekea Njombe mjini, kisha Itoni unaacha njia ya Songea na kushika ya Ludewa. Kuanzia Juni mpaka Agosti baridi yetu haina utani. Jioni nyumba nzima inahamia jikoni. Mafiga matatu, kuni zinawaka, sufuria ya kande au maharage iko juu tangu alasiri, na watoto wamezunguka moto kama vifaranga. Moto huo ndio taa, ndio hita, ndio runinga yetu. Na ndio huohuo unaounguza watoto. Mmoja anavuta kitambaa na uji unamwagika. Mwingine anarudi kinyumenyume na kukaa kwenye beseni la maji ya kuoga. Wa tatu ana kifafa, anaanguka motoni wakati mama ameenda kuchota maji. Ukiwauliza wenzako waliokulia Nyanda za Juu Kusini, wengi watakutajia mtu wanayemjua mwenye kovu la aina hiyo.

Mwili wa mtoto nao haufanani na wetu. Ngozi yake ni nyembamba, kwa hiyo chai ambayo wewe ingekubabua tu, yeye inamchoma mpaka ndani. Pia mwili ni mdogo. Wauguzi wana kipimo rahisi: kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni karibu asilimia 1 ya ngozi yote ya mwili wake. Kikombe kimoja cha chai kikimwagikia paja la mtu mzima, ni viganja viwili vitatu. Kikimmwagikia mtoto wa mwaka mmoja kuanzia kidevuni mpaka tumboni, hesabu ni nyingine kabisa.

Sasa twende kwenye ngozi yenyewe. Ina matabaka mawili makuu. La juu ni jembamba, na seli zake hujizalisha upya kila siku. La chini ni nene, lina nyuzi za protini iitwayo kolajeni, lina mishipa ya damu na vinyweleo, na ndilo linaloifanya ngozi ivutike bila kupasuka. Moto ukiishia juu, kidonda hupona chenyewe bila shida kubwa. Ukiunguza tabaka la chini lote, pale katikati hapabaki kitu cha kuota. Mwili hujaribu kufunga kidonda kwa kuvuta kingo zake, na mvuto huo ndio unaozaa kovu gumu. Likiwa kwenye mgongo, ni kovu tu. Likiwa kwenye kiwiko, shingo au vidole, linakunja kiungo na kukiacha hivyohivyo. Ndiyo maana madaktari wa upasuaji huhesabu wiki: kidonda ambacho hakionyeshi dalili ya kufunga ndani ya takriban wiki 3, bora kipandikizwe ngozi.

Kupandikiza si jambo jipya. Daktari Jacques-Louis Reverdin alionyesha Paris mwaka 1869 kwamba vipande vidogo vya ngozi ya mgonjwa vikihamishiwa kwenye kidonda vinashika na kuota. Leo daktari huchukua tabaka jembamba sana, mara nyingi pajani, kwa kisu maalumu. Hulitoboa matundu mengi ili litanuke kama wavu, kisha hulilaza juu ya kidonda. Paja lenyewe hupona ndani ya wiki 2 hivi, kwa sababu sehemu ya tabaka la chini imeachwa palepale. Hapo hakuna maabara wala seli za kuotesha. Kuna kisu kizuri, mkono uliozoea, nusu kaputi salama, damu ya akiba, na muuguzi wa kubadilisha bendeji bila kuharibu kazi.

Tatizo linakuja pale mtoto anapokuwa ameungua asilimia 80 au 90. Hilo paja la kuchukulia ngozi liko wapi? Limeungua nalo. Hapo ndipo maabara ilipoingia.

Mwaka 1975 Howard Green na James Rheinwald, huko Marekani, walifaulu kuotesha kwenye sahani za maabara seli za tabaka la juu la ngozi ya binadamu. Siri yao ilikuwa kuzilaza juu ya seli za panya zilizopigwa mionzi, zisizoweza kuongezeka tena lakini zenye uwezo wa kuzilea zile za binadamu. Mtu angedhani ni mchezo wa maabara tu. Miaka michache baadaye waliletwa hospitali huko Boston watoto wawili ndugu waliokuwa wameungua zaidi ya asilimia 95 ya miili yao. Madaktari walichukua kipande cha ngozi nzima iliyobaki kwapani, cha sentimita 2 za mraba, wakakiotesha mpaka kikatosha kufunika karibu nusu ya mwili. Watoto wakaishi. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1984 katika New England Journal of Medicine, na mimi nikiisoma kwenye simu, usiku, huku bando likiisha, nilihisi mwili unanisisimka.

Lakini ngozi ile ilikuwa na kasoro: ilikuwa tabaka la juu peke yake. Ilikuwa dhaifu, ilitoka malengelenge, na iliweza kubanduka. Ni kama kupaka rangi ukuta usio na plasta. Plasta yenyewe ilishatafutwa na watu wengine, daktari John Burke na mhandisi Ioannis Yannas, waliotangaza mwaka 1981 kitambaa kilichotengenezwa kwa kolajeni ya kano za ng'ombe na kitu kingine kilichotolewa kwenye gegedu ya papa, juu yake kikafunikwa na silikoni. Kikilazwa kwenye kidonda kilichosafishwa, seli za mgonjwa huingia ndani yake na kujenga tabaka la chini jipya. Bidhaa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1996 kwa jina la Integra, na bado inatumika. Hospitali ya watoto ya Zurich, Uswisi, ikaenda mbele zaidi: ikaotesha matabaka yote mawili kwa pamoja kutokana na seli za mtoto mwenyewe, na mwaka 2019 ikachapisha majaribio ya mwanzo kwa watoto 10. Lengo lao ni ngozi itakayokua pamoja na mtoto, kwa sababu kovu halikui. Mtoto anarefuka, kovu linabaki na ukubwa wake, na kila miaka michache anarudi kisuni.

Na Afrika je? Iko. Mwaka 2012, Johannesburg, Afrika Kusini, mtoto wa kike aliyekuwa hajafikisha miaka 4, aliyeungua karibu asilimia 80 ya mwili, alipandikizwa ngozi iliyooteshwa kutokana na seli zake mwenyewe. Daktari aliyeongoza upasuaji ni Ridwan Mia. Seli zilisafirishwa kwa ndege mpaka Boston, zikaoteshwa huko, na ngozi ikarudishwa kwa ndege, kwa sababu ikishatoka maabara uhai wake unahesabiwa kwa saa, kama siku moja hivi. Alipona. Nina furaha kila nikikumbuka kwamba jambo hilo limewezekana katika bara letu.

Halafu napiga hesabu ya kwetu. Tuseme ngozi hiyo imeshuka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam saa 2 asubuhi, na saa zote za angani zimeshaliwa. Kutoka Dar mpaka Njombe ni zaidi ya kilomita 600. Ongeza foleni ya kutoka mjini, mizani, milima ya Kitonga, lori lililoharibika pale kwenye kona, kisha Makambako, Njombe, halafu njia ya Ludewa. Ngozi itafika Lugarawa ikiwa maiti.

Likizo iliyopita hesabu hii ilinikuta nyumbani. Nilimtembelea shangazi yangu jioni. Shikamoo, marahaba, kamwene za pale mlangoni, tukaingia jikoni. Binti yake wa mwisho ana miaka 9. Akiwa na miaka 4 aliangukia makaa na mkono wake wa kulia. Ilikuwa kipindi cha mvua, gari hakuna, akakaa nyumbani siku kadhaa akipakwa kila kitu ambacho kila jirani alikuwa na uhakika nacho. Alipofikishwa hospitali kidonda kilikuwa na usaha, na kazi ya wauguzi ikawa kwanza kuokoa maisha yake. Waliyaokoa. Kidonda kikafunga taratibu, na kila kilipofunga kikavuta. Leo vidole vitatu vimejikunja na kushikana na kiganja. Anaandika kwa mkono wa kushoto, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Lakini hawezi kushika jembe, hawezi kukamua nguo, na shuleni mkono ule anauficha ndani ya sweta hata jua likiwaka.

Shangazi alikuwa amesikia habari za mradi wangu kwa mama. Aliacha kuchochea moto, akaniuliza kwa upole sana: "Mwanangu, hiyo ngozi mnayotengeneza huko chuoni inauzwa bei gani? Tuna ng'ombe mmoja."

Nimefanya mitihani mingi chuoni, lakini swali hilo lilikuwa zito kuliko yote. Angeniuliza mhadhiri, ningemjibu kwa slaidi 20. Huyu alikuwa ameshamweka ng'ombe mezani.

Nilimjibu hivi. "Shangazi, hiyo ngozi sisi hatuitengenezi, tunaisoma. Wanaoitengeneza wako mbali, na kwa mgonjwa mmoja ni maelfu mengi ya dola. Lakini sikiliza. Huyu mtoto haihitaji. Hiyo ni ya mtu aliyeungua mwili mzima. Yeye ana ngozi yake nzuri tele, pajani na kinenani. Anachohitaji ni daktari wa upasuaji rekebishi akate lile kovu, anyooshe vidole, aweke ngozi ya mtoto mwenyewe palipoachwa wazi. Halafu avae kifaa cha kunyoosha vidole na afanye mazoezi kwa miezi. Hilo linafanyika hapahapa Tanzania."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Miaka mitano sijaambiwa kwamba kovu linafunguliwa."

Wenzangu, sentensi hiyo ndiyo imenifanya niandike. Shangazi alikuwa amekwisha kusikia, kupitia mimi, habari za ngozi ya maabara ya Marekani. Alichokuwa hajasikia ni kwamba kidole kilichokunjwa na kovu kinaweza kukunjuliwa. Habari kubwa ilisafiri kutoka Boston mpaka mafigani kwake, na habari ndogo, yenye faida kwake, ilikuwa haijatoka mjini kwenda kijijini.

Kwa hiyo wanaonicheka wana hoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moto na vimiminika vya moto huua watu wapatao 180,000 kila mwaka, wengi mno katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wengi wa hao hawafi kwa kukosa ngozi iliyooteshwa. Wanakufa kwa kukosa maji ya mishipani siku ya kwanza, kwa maambukizi wiki ya pili, kwa kuchelewa. Wanaopona wanabaki na ulemavu kwa kukosa kisu cha kupandikizia, mtaalamu wa viungo, nauli ya kurudi kliniki. Ukinipa fedha za kumwotesha ngozi mtoto mmoja, na ukaniambia nichague mwenyewe pa kuzitumia, nitanunua visu, gozi na dawa za maumivu, na nitasomesha wauguzi.

Lakini hoja hiyo ikiishia hapo inatudhulumu. Ikimaanisha kwamba kijana wa Ludewa asisome seli kwa sababu kwao hakuna gozi, basi miaka 30 ijayo mtoto aliyeungua asilimia 80 bado atakuwa anasubiri ndege kutoka Boston. Na tena si kila kitu katika elimu hii ni ghali. Tazama Fortaleza, Brazil. Madaktari na watafiti wa huko walichukua ngozi ya samaki iliyokuwa ikitupwa, wakaisafisha, wakaiua vijidudu, wakaitumia kufunika vidonda vya moto. Ina kolajeni nyingi, inashika vizuri, haihitaji kubanduliwa kila siku, na mgonjwa anaepushwa maumivu ya kubadilisha bendeji. Haigeuki kuwa ngozi ya mtu. Ni kifuniko cha muda kinachompa mwili nafasi ya kujiponya. Na samaki mwenyewe unajua ni nani? Sato. Samaki wa Afrika, huyohuyo tunayemla na ugali na kutupa ngozi yake. Kule Banjul, Gambia, ripoti ya mwaka 1999 ilieleza jinsi wauguzi walivyokuwa wakisafisha vidonda vya watoto walioungua kwa papai lililopondwa, kwa sababu vimeng'enya vyake hula nyama iliyokufa. Hii ilifanyika wodini, chini ya macho ya wataalamu, kwa hiyo usiende kumponda mtu papai nyumbani. Ninachosema ni kwamba watu wa huko walitazama kilichokuwa karibu nao na wakakipima kisayansi.

Mradi wangu umepungua ukubwa tangu likizo ile, na nadhani umekuwa bora. Nanunua ngozi za sato kwa wakaanga samaki, ambao mwanzo walidhani nimechanganyikiwa. Naziosha, naziloweka kwenye asidi asetiki, ile iliyomo kwenye siki, ndani ya friji la maabara, na kupima kolajeni inayotoka. Sijatengeneza ngozi. Najifunza kutengeneza plasta ya ukuta. Msimamizi wangu anasema hatua ya kwanza ya mtu mmoja inatosha kwa shahada ya kwanza.

Kuhusu binti wa shangazi: ng'ombe hajauzwa. Tuliuliza huku na kule na kugundua kwamba zipo kambi za upasuaji rekebishi katika baadhi ya hospitali nchini, na kwamba Arusha kuna nyumba iitwayo The Plaster House inayowatunza watoto kabla na baada ya upasuaji wa namna hii, pamoja na wenye makovu ya moto. Sasa amepewa tarehe ya kuonwa na daktari bingwa. Nauli imetoka kwa baba mdogo, kwa jumuiya, na kidogo kwenye bumu langu, ambalo mnajua jinsi lilivyo. Vidole vikikaa vimekunjwa kwa miaka, mishipa nayo hufupika, kwa hiyo huenda visinyooke vyote. Mtoto ameambiwa hivyo. Amesema akipata viwili vinatosha kushika ndoo.

Mtakapofunga chuo mkaenda nyumbani, hasa ninyi wa Njombe, Makete, Mbeya, Mufindi na kwingine kwenye baridi, bebeni haya manne. Mtoto akiungua, mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, huku mwili wake uliobaki ukiwa umefunikwa blanketi, maana kwetu maji hayo yanaweza kumgandisha. Usipake dawa ya meno, yai, unga, mafuta wala udongo. Funika kwa kitambaa safi na mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda kinaonekana kidogo, ikiwa ni mkononi, usoni, kwenye kiungo au sehemu za siri. Na la nne: ukimwona mtoto, au hata mtu mzima, anayeficha mkono ndani ya sweta jua likiwaka, kaa naye kwa adabu, mwambie kovu linaweza kufunguliwa, na umsaidie kuuliza wapi. Hilo la mwisho halihitaji maabara.